Neno Kuua na Kazi ya Kuarifu: Historia ya Ishara za Michakato katika Mfumo wa Unix

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya amri ya kill katika mfumo wa uendeshaji wa Unix, tangu miito ya mfumo iliyotengana ya mwaka 1971 hadi kanuni za POSIX za mwaka 1988 na 1993, na athari zake katika kompyuta za leo. Hoja inayotetewa ni kwamba amri hiyo ilizaliwa ikiwa chombo cha kuua, ikageuka polepole kuwa chombo cha kupeleka ujumbe, lakini jina lake halikugeuka pamoja nayo. Ombi la kumtaka mchakato ukome kwa hiari yake lilichelewa miaka saba nyuma ya amri ya kuua. Uchelewaji huo umeacha alama katika mazoea ya watumiaji, na unamkabili moja kwa moja mtu anayetafsiri istilahi hizi kwa Kiswahili.

Utangulizi

Mwanafunzi anayejifunza kuendesha kompyuta kwa kuandika amri, badala ya kubofya picha, hukutana mapema na amri ya kill. Huelezwa kwamba programu iliyokwama huuawa. Huandika jina la amri, kistari, tarakimu 9 na namba ya mchakato, kisha mchakato hutoweka. Kwa kuwa njia hiyo haishindwi ila mara chache, huwa mazoea, na mazoea hayo hurithishwa kwa wanaokuja nyuma yake kama vile ndiyo njia pekee.

Mwandishi wa makala haya aliyaona matokeo ya mazoea hayo katika maabara ya kompyuta ya taasisi moja alikokuwa msaidizi. Seva ya hifadhidata, ya aina ya zamani isiyoweka kumbukumbu ya miamala, ilikuwa ikijibu polepole jioni moja ya usajili. Ikapelekewa ishara ya 9. Programu ilikufa papo hapo na jedwali lililokuwa likiandikwa likabaki nusu. Siku mbili zilizofuata tulizitumia kuingiza upya kwa mkono majina ya wanafunzi kutoka katika fomu za karatasi. Hakuna aliyevunja kanuni. Karatasi ya maelekezo iliyobandikwa ukutani ilikuwa na mstari mmoja tu kuhusu programu zilizokwama, nao ulisema ziuawe kwa 9.

Swali lililozaa makala haya ni jepesi kuuliza. Amri hiyo, katika mfumo wa Linux, inaweza kupeleka ishara 31 za kawaida, na nyingi kati yake hazikusudii mauti: zipo za kusimamisha kwa muda, za kuendeleza, za kuarifu kwamba mtoto amemaliza kazi, za kueleza kwamba ukubwa wa dirisha umebadilika. Kwa nini basi chombo chenye kazi nyingi namna hiyo kiitwe kwa jina la kazi moja, tena iliyo kali kuliko zote? Jibu halipatikani katika mantiki ya kompyuta. Linapatikana katika mfuatano wa miaka.

Nani mwenye haki ya kusimamisha programu

Katika miaka ya 1950 swali hili halikumhusu mwandishi wa programu. Aliandaa kadi zake, akazikabidhi kwa mhudumu wa mashine, akarudi baadaye kuchukua karatasi za majibu. Programu ikizunguka bila kikomo, mhudumu ndiye aliyeikata, kwa maana yeye peke yake ndiye aliyeketi mbele ya mashine. Mamlaka ya kusimamisha yalikuwa ya mtu mmoja, na yalikuwa ya mkono: swichi na vitufe.

Mabadiliko yalianza na mfumo wa CTSS wa chuo cha MIT nchini Marekani, ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza mwezi Novemba 1961 chini ya uongozi wa Fernando Corbató. Katika mfumo huo watumiaji kadhaa waligawana mashine moja, kila mmoja akiwa na taipu yake. Mara moja pakazuka haja mpya: mtumiaji mmoja aweze kuikata programu yake bila kuwakatia wenzake. Hapakuwa tena na maana ya kuzima mashine. Kitufe katika taipu kilipaswa kuwa na nguvu juu ya programu ya mwenye taipu hiyo tu, na mfumo wenyewe uwe mwamuzi wa mipaka. Hapo ndipo penye asili ya kanuni inayodumu hadi leo, kwamba mchakato hupokea ishara kutoka kwa mwenye nao au kutoka kwa msimamizi mkuu wa mfumo, wala si kutoka kwa jirani.

Mrithi wa CTSS, mfumo wa Multics, ulijengwa kwa ushirikiano wa MIT, General Electric na Bell Labs. Bell Labs ilijitoa mwaka 1969, na mwaka huohuo Ken Thompson na Dennis Ritchie, waliokuwa watumishi wake, wakaanza kuunda mfumo mdogo zaidi katika mashine ya PDP-7. Mfumo huo ndio uliokuja kuitwa Unix. Walichukua mawazo mengi kutoka Multics, ila walikuwa na mashine ndogo na watu wachache, na hali hiyo inaeleza mengi katika yanayofuata.

Miito minne ya mwaka 1971

Mwongozo wa kwanza wa Unix una tarehe ya 3 Novemba 1971. Anayeutafuta mwito wa mfumo uitwao kill ndani yake hataupata. Hataupata pia ule uitwao signal. Atakachokuta ni miito iliyotawanyika, kila mmoja ukishughulikia tukio lake: intr kwa kitufe cha kukatiza, quit kwa kitufe cha kuacha, ilgins kwa maagizo ambayo mashine haiyafahamu, na cemt kwa agizo maalumu la mashine ya PDP-11 liitwalo EMT.

Tunaona kwamba matukio haya hayakuonekana kuwa ya jamii moja. Mawili yalitoka kwa binadamu aliyeketi kwenye taipu. Mawili yalitoka ndani ya mashine. Yaliyafanana kwa jambo moja tu, nalo ni kwamba yote yaliikuta programu katikati ya kazi yake, bila kuitarajia. Programu isiyosema neno iliuawa na tukio hilo. Programu iliyotaka kuishi ilipaswa kuuomba mfumo mapema uruke hadi sehemu fulani ya maagizo yake pindi tukio likitokea.

Tofauti kati ya kukatiza na kuacha inastahili maelezo, kwa kuwa bado ipo katika kila kompyuta ya Linux. Mwenye kukatiza hutaka programu ikome tu. Mwenye kuacha hutaka ikome na kuacha mwili wake, yaani nakala ya kumbukumbu yake yote kama ilivyokuwa wakati wa kufa, ipate kuchunguzwa. Nakala hiyo iliandikwa katika faili lililoitwa core, kwa jina la vipete vidogo vya sumaku vilivyotumika kuhifadhi kumbukumbu za kompyuta za wakati ule. Vipete hivyo havitengenezwi tena, ila jina la faili limebaki.

Jambo dogo la pembeni lisipuuzwe. Neno la kuua lilikuwa na kazi nyingine katika Unix ya awali. Mtu aliyekosea alipokuwa akiandika mstari aliweza kuufuta wote kwa alama ya @, na alama hiyo iliitwa ya kuua, kama vile alama ya # ilivyofuta herufi moja. Katika taipu iliyochapa juu ya karatasi, herufi kumi kwa sekunde, mstari uliouawa uliendelea kuonekana. Mfumo ulikubali tu kuusahau. Kwa hiyo neno hilo lilikuwa la kawaida midomoni mwao, likimaanisha kutupilia mbali kitu kisichohitajika. Halikubeba uzito wa mauti linaoubeba kwa mwanafunzi wa Kiswahili anayelisoma kwa mara ya kwanza.

Kuua, 1972 hadi 1979

Mwito wa kill ulijitokeza katika toleo la 2, mwaka 1972. Kazi yake ililingana na jina lake kikamilifu: kuangamiza mchakato. Haukupeleka ujumbe wala haukuchagua kati ya ishara kadhaa.

Haja yake inaeleweka tukiizingatia sheli ya Unix, yaani programu inayopokea amri za mtumiaji. Sheli iliruhusu amri ifuatwe na alama ya &, na hapo amri ilitenda kazi kando huku mtumiaji akiendelea na shughuli nyingine. Michakato ya kando ilikingwa isiguswe na kitufe cha kukatiza, kwa sababu mtu akatizaye kazi iliyo mbele yake hataki kuikata na ile aliyoiweka kando. Kinga hiyo ilizaa tatizo jipya: mchakato wa kando ukipotoka, kitufe hakiufikii. Ilibidi iwepo njia ya kuufikia kwa namba yake. Njia hiyo ndiyo kill. Ilikuwa silaha ya akiba kwa ajili ya waliokwepa kitufe, na jina lake katika muktadha huo lilikuwa la haki kabisa.

Toleo la 4, mwaka 1973, ndilo lililounganisha matukio yaliyotengana. Mwaka huo kiini cha mfumo kiliandikwa upya kwa lugha ya C, na miito ya awali ya kukamata matukio ikaondolewa, mahali pake pakaja mwito mmoja, signal, uliopokea namba. Kukatiza kukawa namba 2, kuacha 3, agizo lisilofahamika 4. Kufikia toleo la 5, mwaka 1974, mwito wa kill nao ulikuwa umepanuliwa: mtumiaji aliweza kuupa namba yoyote, na mchakato uliolengwa ukapokea tukio hilo kana kwamba limetoka kwenye kitufe au ndani ya mashine.

Hapa ndipo penye kiini cha historia hii. Kwa mabadiliko hayo mawili, kuua kulikoma kuwa tendo la pekee, kukawa namba 9 katika orodha ya habari. Amri iliyokuwa upanga ikawa tarishi. Lakini jina halikubadilishwa, na hatuna sababu ya kushangaa: programu na mazoea vilikwisha kujengwa juu yake, na waundaji walikuwa watu wachache walioelewana kwa nusu neno.

Orodha yenyewe ni kama tabaka za udongo kwa mwanahistoria. Namba 6 na 7 zilipewa maagizo ya IOT na EMT, ambayo yalikuwa ya PDP-11 na hayana maana nje yake. Hata hivyo, IOT bado ni jina la pili la ishara ya 6 katika Linux, na EMT bado imo katika mifumo ya ukoo wa BSD. Namba 1, HUP, ilimaanisha kwamba laini ya simu imekatwa: mtumiaji aliyeunganishwa kwa modemu amekata simu, na programu zake hazina tena mtu wa kumsomea majibu. Namba 13 iliiarifu programu kwamba inaandika katika mfereji ambao hakuna anayesoma upande wa pili.

Toleo la 6, la mwaka 1975, lilikomea hapo, kwenye 13. Hapakuwa na ishara yoyote iliyosema kwa adabu: maliza ulichonacho, uondoke. Mtu aliyetumia amri ya kill bila kutaja namba aliua. Ishara ya 15, TERM, ililetwa na toleo la 7 mwezi Januari 1979, pamoja na ya 14 ya kengele ya saa, na toleo hilohilo ndilo lililozipa ishara majina ya herufi badala ya namba tupu. TERM ikawekwa kuwa ishara itumwayo mtu asipotaja nyingine. Programu iliyoipokea iliweza kufunga mafaili yake, kufuta mafaili ya muda, kuwaaga wateja wake, kisha kuondoka yenyewe. Iliweza pia kukataa.

Miaka saba, basi, ilipita kati ya amri ya kuua na ombi la kuondoka. Katika maisha ya kawaida mtu hubisha hodi kwanza, na asipoitikiwa ndipo huvunja mlango. Unix ilianza kwa kuvunja mlango, na hodi ikaongezwa baadaye. Kufikia hapo, namba 9 ilikwisha kukaa vidoleni mwa watu.

Ishara zilizopotea

Methali yetu husema la mgambo likilia kuna jambo. Ishara ya Unix ni mbiu ya mgambo kwa kila maana: huueleza mchakato kwamba kuna jambo, na aina ya jambo kwa namba, basi. Haikusema nani aliyepiga baragumu wala kwa sababu gani. Kwa muda mrefu haikuhakikisha hata kwamba itasikika.

Katika toleo la 6, rekodi ya kila mchakato ilikuwa na nafasi moja tu ya kuweka ishara iliyosubiri. Ishara ya pili ikifika kabla ya ya kwanza kushughulikiwa, iliiandika juu yake na kuifuta. Namba 9 pekee haikuweza kufutwa hivyo. Toleo la 7 liliondoa upungufu huo kwa kutenga alama moja kwa kila aina ya ishara, ingawa ishara mbili za aina moja bado zilihesabiwa kuwa moja.

Upungufu mwingine ulikuwa mbaya zaidi kwa sababu ulijificha. Programu ilipokamata ishara, mfumo ulirudisha hali ya awali mara moja, na programu ilipaswa kujiandikisha upya ikitaka kuikamata tena. Kati ya kukamata na kujiandikisha palikuwa na mwanya mfupi sana. Ishara ya aina ileile ikiingia katika mwanya huo, programu ilikufa, hata kama mwandishi wake alifuata kila kanuni. Kosa la namna hii halionekani katika majaribio elfu, likaja kuonekana siku mashine imezidiwa na kazi, na likionekana halirudii tena mtu akitaka kulichunguza.

Lipo pia suala la programu iliyosubiri kusoma kutoka kwenye taipu ishara ikafika. Je, usomaji uendelee pale ulipokuwa, au ukatwe? Kuuendeleza kulihitaji kazi ngumu ndani ya kiini cha mfumo. Unix ilichagua kuukata na kuirudishia programu taarifa ya kosa, ili mwandishi wa programu ndiye aamue kujaribu tena. Richard Gabriel, katika insha yake maarufu kuhusu ubora wa kilicho duni, aliuchukua mfano huuhuu kuonyesha tofauti ya fikra kati ya MIT na Bell Labs: upande mmoja ukitaka jambo lililo sahihi hata likiwa gumu, upande wa pili ukitaka ujenzi rahisi hata mtumiaji akibeba sehemu ya mzigo. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, Gabriel alikuwa sahihi katika maelezo yake, ila wachambuzi waliomfuata wameisifu mno akili ya uamuzi ule. Watu wawili au watatu wenye mashine ndogo huchagua rahisi kwa kuwa hawana la kuchagua.

Marekebisho yalitoka kwingine. Chuo Kikuu cha California huko Berkeley kilikuwa kikisambaza Unix yake, na toleo lake la 4.2BSD la mwaka 1983 lilileta ishara za kutegemewa: mpokeaji hakuhitaji kujiandikisha upya, aliweza kuzizuia ishara kwa muda bila kuzipoteza, na miito iliyokatizwa iliweza kuendelezwa na mfumo. Kabla ya hapo, mwaka 1980, Berkeley ilikuwa imeingiza udhibiti wa kazi, yaani uwezo wa kuisimamisha kazi kwa mguso wa kitufe, kuirudisha mbele au kuiacha iendelee kando. Wazo hilo lilitekelezwa kwanza na Jim Kulp katika taasisi ya IIASA huko Laxenburg, Austria, na mwongozo wa sheli ya C unamtaja kwa kazi hiyo. Udhibiti wa kazi ulileta ishara za kusimamisha na ya kuendeleza, CONT. Amri ya kuua sasa iliweza kumrudishia mtu uhai! Hakuna ushahidi mzuri kuliko huo wa umbali uliokuwapo kati ya jina na kazi.

Kampuni ya AT&T nayo ilitengeneza miito yake ya ishara za kutegemewa, tofauti na ya Berkeley, na kwa miaka kadhaa mwandishi wa programu alilazimika kuzijua zote mbili. Suluhu ilipatikana mwaka 1988 katika kanuni za POSIX, zilizofuata kwa kiasi kikubwa njia ya Berkeley. Nyongeza ya mwaka 1993 ilileta ishara za aina mpya ambazo hupanga foleni badala ya kufunikana, na ambazo hubeba thamani ndogo pamoja na namba. Huko Bell Labs, wakati huo, wenyewe walikwisha kuziacha namba katika mfumo wao mpya wa Plan 9, wakatumia barua fupi za maneno.

Wasiokufa

Ipo michakato ambayo namba 9 haiiwezi, na kuijua ni sehemu ya kuielewa namba yenyewe. Mtumiaji asiyejua hurudia amri mara kumi, akidhani haikusikika.

Wa kwanza ni ule uliokwisha kufa. Mchakato ukimaliza kazi, mfumo huhifadhi jina lake na hesabu ya mwisho hadi mzazi wake atakapoichukua. Mzazi akizembea, jina hubaki kwenye daftari. Waandishi wa Unix waliiita hali hiyo kwa jina la maiti anayetembea, na kwa Kiswahili cha Tanzania neno la msukule hujileta lenyewe. Tukubali kwa tahadhari. Msukule wa masimulizi yetu hutumikishwa usiku kucha na aliyemficha, ilhali msukule wa Unix hafanyi kazi yoyote, hali chakula wala hatumii kumbukumbu isipokuwa nafasi ya jina lake. Hauawi kwa sababu hana roho ya kutolewa. Dawa yake ni kumshughulikia mzazi.

Wa pili ni mchakato unaosubiri diski au seva ya mafaili iliyo mbali, katika usingizi usiokatizwa. Ishara huwekwa kwenye rekodi yake lakini haitendi hadi usingizi uishe. Seva ikizimika, usingizi unaweza kudumu siku nzima. Mwaka 2008 kiini cha Linux, toleo la 2.6.25, kiliongezewa aina ya usingizi unaoweza kukatizwa na ishara za mauti tu, na tangu hapo sehemu mbalimbali za kiini zimekuwa zikihamishiwa huko kidogo kidogo.

Wa tatu ni mchakato namba 1, mzazi wa yote. Ukifa, mfumo mzima huanguka. Kwa hiyo kiini hutupilia mbali ishara yoyote ambayo mchakato huo haukujiandikisha kuipokea. Kinga hii tutairudia.

Jina na mfasiri

Majina ya amri hayatafsiriwi, na hilo ni jema, kwani amri ni anwani kabla ya kuwa neno. Maneno ambayo mfumo humrudishia mtumiaji, kinyume chake, hutafsiriwa. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulionyesha kwamba programu kubwa inaweza kusema Kiswahili. Mfasiri atakayeshuka kutoka kwenye programu za ofisi hadi kwenye sheli atakuta orodha fupi ya taarifa, moja kwa kila ishara, na ndani yake taarifa mbili zinazokaribiana: ya 15 na ya 9.

Rahisi ni kuandika kwamba mchakato umekomeshwa katika zote mbili. Historia iliyosimuliwa hapa inakataa. Taarifa ya kwanza humweleza msomaji kwamba mchakato uliombwa uondoke, ukapata nafasi ya kufunga mafaili yake iwapo mwandishi wake aliandaa jambo hilo. Ya pili humweleza kwamba haukupata nafasi yoyote, na kwamba kilichokuwa kikiandikwa kikaguliwe. Pendekezo letu ni kwamba ya 15 iwe umeagizwa kukoma, na ya 9 iwe umeuawa. Neno kali libaki mahali pake, pamoja na ukali wake. Kosa la maelekezo ya ukutani halikuwa kulitumia neno kuua, bali kulitumia kwa kila kitu. Kwa tendo lenyewe la amri tuseme kupeleka ishara.

Umuhimu wa tofauti hiyo umeongezeka kwa sababu leo si binadamu tu wanaoua. Kumbukumbu ya mashine ya Linux ikijaa, kiini chenyewe huchagua mchakato na kuupelekea namba 9. Mtumiaji huona neno moja kwenye kioo, na hakuna mtu aliyeandika amri. Aliyefundishwa kwamba 9 hutoka kwa mtu atamtafuta mwenzake wa kumlaumu, na kazi itauawa tena kesho, kumbukumbu ikijaa tena. Majina ya amri nayo hubeba mitego yake. Amri ya killall katika Linux hulenga michakato yenye jina lililotajwa. Katika mifumo ya ukoo wa System V, pamoja na Solaris, huua kila kitu, kwa kuwa iliandikwa kwa ajili ya kuzima mashine. Msimamizi aliyehama kutoka mfumo mmoja hadi mwingine bila kusoma mwongozo aliijua tofauti hiyo mara moja tu. Solaris 7, mwaka 1998, ilileta pkill, inayotafuta kwa jina bila utata huo, na Linux ikaiga.

Adabu iliyochelewa mwaka 1979 sasa imeandikwa ndani ya mitambo. Mfumo unapozimwa hupeleka TERM kwa wote, husubiri kidogo, kisha hupeleka KILL kwa waliobaki. Docker, inayoendesha programu katika makontena, husubiri sekunde 10 kati ya hodi na kuvunja mlango. Kubernetes husubiri 30. Lakini ndani ya kontena programu ya mtumiaji mara nyingi ndiyo mchakato namba 1, na kinga ya kale ya mzazi wa yote huishika nayo. Ikiwa mwandishi wake hakujiandikisha kuipokea TERM, kiini huitupa hodi hiyo kimyakimya. Sekunde 10 hupita bila jibu, kisha namba 9 huja, na programu hurudisha hesabu ya 137, yaani 128 na 9. Mwandishi wa programu huisoma namba hiyo katika rekodi za seva yake asubuhi, akauliza ni nani aliyeiua, ilhali yeye mwenyewe aliagiza ifungwe kwa utaratibu.